Bibi Huenda Kusoma

Kila Jumapili, kabla jogoo wa Mama Damali hajawika mara ya pili,
bibi yangu Eseza Naigaga alivaa gomesi ya zambarau,
akakaza mshipi, akatutangazia: "Naenda kusoma."
Nikiwa na miaka mitano niliamini kwamba Bugembe, kule kilimani,
kuna shule ya wazee, na mwalimu, na kengele,
na kwamba siku moja bibi ataleta ripoti
tuone amekuwa wa ngapi.

Kwetu Busoga kwenda kanisani ni kusoma.
Baba yake alipotaka maji ya ubatizo
aliambiwa ashike kwanza herufi,
kisha Injili moja nzima, kwa Kiganda, lugha ya jirani,
maana ya kwetu ilikuwa bado haina kitabu.
Alisoma akichunga, alisoma mpaka mbuzi wakala mihogo ya watu,
akachapwa, akabatizwa, akaitwa msomaji.
Na yule karani wa pamba aliyewaandikia wenzake barua
lakini maji hayakumgusa kichwa,
huyo hakuwa msomaji.

Ilipomfikia bibi, herufi zilikuwa zimeanza kudondoka njiani.
Alishika kitabu cha nyimbo kimefungwa,
macho kwenye paa,
akaimba kurasa zote.

Babu Tenywa alikuwa na neno lake: kuokoka.
Alikata mafunjo pale mto unapoliacha ziwa,
enzi bwawa halijajengwa na maporomoko yangali yakinguruma,
na asubuhi moja mamba akamshika.
Alirudi nyumbani na nusu ya shavu la mguu.
"Niliokoka," alipenda kusema, huku akimimina pombe.

Kisha wakaja ndugu wa uamsho,
waliotubu hadharani, hata sukari waliyoiba kiwandani,
hata jembe la shemeji.
Wakasimama mlangoni: "Mzee, umeokoka?"
Babu akapandisha suruali.
"Mwaka wa mafuriko," akasema. "Saa nne asubuhi."
Wakatazamana.
Mmoja wao, Losira, akacheka mpaka akaketi chini,
halafu akaomba aliguse kovu.

Siku hizi nikikataa bia harusini
mhudumu haniulizi habari za mamba wala za msalaba.
"Aa, kumbe umeokoka!"
Ananiletea soda ya chungwa, ya moto.

Magoti ya bibi yalipogoma, dada yangu Mutesi
alimpeleka Walukuba, kwenye hema la Nabii Isabirye.
Huko spika zilisema: panda mbegu.
Panda leo, uvune kabla mwezi haujaisha.
Namba ya simu ilikuwa kwenye bango, kubwa kuliko jina la Bwana.
Bibi alisikia vizuri. Alikuwa mkulima.
Jumapili iliyofuata alifika na kikombe cha ulezi,
ule mwekundu, alioupembua usiku kucha
punje kwa punje, akitupa yenye mdudu.
Wenye vikapu hawakujua wauweke wapi.
Wakauweka juu ya jenereta.
Ukatetemeka pale ibada nzima,
ukimwagika kidogo kidogo,
na kuku wa Walukuba wakaingia, nao, kusoma.

Tulimzika Novemba.
Mchungaji wa Bugembe alikunjua karatasi iliyolowa:
"Marehemu alikuwa msomaji
tangu ubatizo wake hata mwisho."
Mwanangu Kakaire alikuwa amemaliza mtihani wa darasa la saba
wiki hiyohiyo. Ada yake ya muhula wa mwisho
ililipwa kwa magunia mawili ya ulezi.
Akanivuta mkono.
"Mama, bibi alifika darasa la ngapi?"

Nikafungua mdomo nimjibu.
Wanaume walikuwa wameshika makoleo.
Nikatazama juu, kama alivyofanya yeye,
nikitafuta paa.
Kulikuwa na mvua tu, ikija.